Albamu Isiyo na Bwana Harusi

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, Mzee Kilonzo alipotandaza picha za harusi juu ya meza ya studio yake pale soko la Jericho jijini Nairobi, akazipitia moja baada ya nyingine kwa kidole, akarudi mwanzo, akazipitia tena. Kisha akavua miwani na kuniuliza, "Mwende, huyu dada ameolewa na nani?"

Bibi harusi alikuwa mle pichani, anacheka, anakata keki, shela imemkaa vizuri kichwani. Lakini bwana harusi hakuwemo. Pale alipopaswa kuwa palikuwa na bega. Pengine kisogo. Pengine mkono wenye pete mpya, na mwenye mkono wake ameachwa nje ya picha.

"Ameolewa na bega?" Mzee akauliza tena, wala hakuwa anafanya mzaha.

Wacha nirudi nyuma kidogo nikueleze nilivyofika hapo, maana mimi sikuwahi kuota kuwa mpiga picha. Baba yangu alikuwa dereva, mtu wa Ukambani, na tulilelewa hapo hapo Jericho, nyumba moja na shangazi, wapwa na wageni wasiokwisha. Miaka ile ya tisini nilikuwa binti wa kuuza vitambaa katika duka moja Eastleigh. Nilijua lesi, nilijua hariri ya kweli na ya uongo, na mdomo nilikuwa nao. Kamera niliijua kwa kusimama mbele yake nikiwa nimekaza shingo, kama watu wote wa wakati huo. Nyinyi mnaopiga picha ya chapati kabla hamjaila hamwezi kuelewa. Kwetu picha ilikuwa shughuli. Uliiogea, ukaivalia.

Nilikuwa na mchumba aliyeitwa Barasa, kijana wa Bungoma aliyefanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe, ikabidi umngoje. Wazazi wangu walinuna mwanzoni kwa sababu hakuwa Mkamba, kisha wakamzoea, kisha wakampenda kuliko walivyonipenda mimi. Kamati ya harusi ikakaa. Tangazo la ndoa likasomwa kanisani. Mzee Kilonzo, ambaye ndiye aliyepiga picha za harusi za mtaa mzima, akakubali kupiga yetu.

Binadamu hupanga, Mungu hupangua. Barasa alisafiri kwenda kwao kuwachukua wazee wake, akarudi nao akiwa anatetemeka. Ilikuwa malaria, na mtu aliyekaa Nairobi miaka mingi bila malaria, siku ikimpata humkamata vibaya. Alifariki hospitalini wiki ileile ya harusi. Watu walioalikwa kuja kula pilau ndio haohao waliopanda basi kumsindikiza Bungoma. Wazee wake waliokuja kunichukua mimi wakarudi na mtoto wao ndani ya sanduku.

Sitakudanganya kwamba nilivumilia. Nilirudi dukani nikawa balaa. Kila msichana aliyekuja kununua lesi nyeupe nilimkatia kitambaa kwa kumnunia, na mmoja nilimwambia wazi kwamba gauni halimweki mtu hai. Mwenye duka, mama mpole wa Kisomali, akaniita pembeni na kuniambia, "Mwanangu, nenda nyumbani kwanza upumzike." Nikapumzika mpaka kupumzika kukawa ugonjwa.

Ndipo Mzee Kilonzo akaja nyumbani kutupa pole, akakuta nimekaa tu nikitazama ukuta. Alikunywa chai yake yote, akafuta mdomo, akamwambia mama yangu, "Nipe huyu anisaidie kazi. Mikono ikikaa bure, moyo huanza kujitafuna." Na unajua kazi ya kwanza aliyonipa? Kubandika picha za harusi za watu katika albamu. Nikamwona mzee katili kuliko wote Nairobi. Lakini nilikwenda, kesho yake nikaenda tena, na bila kujua nikaanza kuona ni picha gani inasema kitu na ni ipi iliyonyamaza.

Katika kazi yenyewe ya kupiga picha niliingizwa na mlango. Naam, mlango. Asubuhi ya harusi, wanaume wa studio hawakuruhusiwa kuingia katika chumba anachovalishwa bibi harusi. Mzee alikuwa akisimama koridoni na kamera yake kifuani akingoja mlango ufunguliwe, na mambo yote matamu yakipita mle ndani bila yeye: shangazi anayefunga vifungo huku akitoa nasaha ambazo siwezi kuziandika hapa, mama mzazi anayejifanya anatafuta pini kumbe anaficha machozi. Siku moja akanipa kamera, akaniambia, "Wewe ingia. Ukiona kitu kinakugusa, bonyeza." Niliingia, nikabonyeza. Picha zilipotoka kuoshwa, Mzee alinitazama, akasema, "Kumbe una jicho." Basi nikawa mtu wa vyumba vya mabibi harusi. Habari zikaenea mitaa ya Umoja, Buruburu na Tena, kwamba kuna studio yenye mwanamke, na akina mama wakawa wanasema wanamtaka yule dada.

Ndani ya vyumba vile nilikuwa hodari. Taabu ilianza nje. Bwana harusi alipotokea na suti yake na ua kifuani, mkono wangu ulishuka wenyewe. Nilijiambia mwanga ni mbaya, au watu wamemziba. Uongo. Mwanangu, nilikuwa na wivu. Nilikuwa nawachukia wale vijana kwa sababu walikuwa wanapumua. Kila mmoja alisimama mahali ambapo Barasa hakuwahi kusimama, na mimi nikawa nawahukumu kwa kuwafuta. Muda wote Mzee alipokuwa akipiga picha za kanisani mwenyewe, nilidhani hakuna aliyeona. Maji yalifuata mkondo mwingine magoti yake yalipomshinda, akaniachia harusi moja nzima peke yangu.

Ilikuwa ya Nafula na Mutinda. Nafula alikuwa msichana wa Kakamega, mshonaji, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mutinda alikuwa mchongaji wa vinyago, Mkamba kama mimi, aliyekuwa akichonga twiga na vifaru kwenye mabanda ya upande wa Pumwani. Ilikuwa harusi nzuri. Akina mama wa upande wa bwana waliimbia mlango uliofungwa mpaka sauti zikawakauka, na wa upande wa bibi wakakataa kufungua, wakidai wimbo uongezwe sukari. Nilizipiga zote hizo. Bwana harusi mwenyewe nikampiga bega.

Sasa turudi kwenye ile Jumatatu. Mzee Kilonzo akavaa miwani yake tena.

"Nilikuona tangu mwanzo," akasema. "Nikasema wacha nimnyamazie, ana kidonda. Lakini kidonda ni chako, mama. Harusi ni ya wenyewe."

"Mzee, siwezi kuwatazama."

"Barasa amekufa, Mungu amrehemu. Huyu kijana ndiye aliyemuua?"

Nililia. Hakunibembeleza. Aliniambia kwamba alipomzika mke wake, Jumamosi iliyofuata alikuwa kanisani na kamera kwa sababu alikuwa ameahidi, na alilia njia nzima, lakini alipofika aliangalia mbele. "Mtu akikwita kwenye siku yake," akasema, "amekukabidhi macho yake umtazamie. Wewe umeyapokea halafu ukayafumba. Utawapelekea picha hizi mwenyewe, leo. Na usithubutu kuwaambia filamu imeungua."

Hapo alinipata, kwa kuwa ndilo nililokuwa nimepanga kusema. Sisi wapiga picha wa wakati ule tulikuwa na uongo wetu mmoja uliotutosha maisha yote: filamu imeungua, yaani imeingia mwanga na picha zote zimeharibika. Mkono ukitetemeka, filamu imeungua. Ukilewa, filamu imeungua. Mteja hakuwa na la kufanya ila kusikitika pamoja nawe, kana kwamba nyote mmefiwa.

Walikuwa wakikaa chumba kimoja katika mtaa wa Tena. Zawadi nyingine zilikuwa bado hazijafunguliwa, sufuria na thamosi ziko kwenye karatasi zake zinazong'aa. Nafula alinipokea kwa vifijo. "Karibu dada! Zimetoka? Ngoja kwanza niweke chai, hizi siziangalii nikiwa nimesimama." Akaketi, akafungua albamu. Alicheka picha ya kwanza na ya pili. Halafu akaanza kufungua haraka haraka, na chai ikafurika jikoni bila mtu kuishughulikia.

"Mutinda yuko wapi?" akauliza.

Ulimi ulianza kutamka filamu, nikauzuia. Nikamwambia ukweli wote, nikiwa nimeinamisha kichwa: Barasa, malaria, basi la Bungoma, wivu. Sikuona kwamba Mutinda alikuwa ameingia kutoka kazini, amesimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi zake, anasikiliza.

Nafula akasema, sauti yake ikiwa chini kwa mara ya kwanza, "Pole kwa yaliyokupata, dada. Pole sana. Lakini hii harusi ilikuwa yangu. Mama yangu ni mgonjwa, hakuweza kusafiri. Hajawahi kumwona huyu mtu hata siku moja. Anangoja hizi picha amwone mkwe wake. Sasa mimi nimpelekee nini?"

Mwanangu, nimetukanwa na watu wenye kipaji cha matusi, lakini swali hilo ndilo lililonikata. Nilikuwa nimemnyima mgonjwa mmoja, huko Kakamega, asiyenijua, uso wa mkwe wake.

Mutinda akasogea ndani. "Huyo wako aliitwa Barasa?"

"Ndiyo."

"Sawa. Barasa alikuwa na uso wake, na mimi niko na wangu. Jumapili tukitoka kanisa tutavaa tena. Ukuje na kamera. Lakini uniangalie."

Jumapili nilikwenda. Gauni lilikuwa la kukodi, limesharudishwa kwa mwenyewe na pengine liko kanisani kwingine limevaliwa na mwingine, hivyo Nafula alivaa nguo yake ya kanisani na shela yake, ambayo ilikuwa mali yake. Suti ilibidi iombwe tena kwa msimamizi wao. Tulisimama nje kwenye ua wa michongoma, na majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja na watoto viunoni.

"Kwani hawa wanaoana tena?" mama mmoja akauliza.

"Walionja, wakaona tamu," mwingine akamjibu, na vigelegele vikapigwa. Nafula, aliyekuwa ameapa kutonichekea, akacheka.

Nikapiga goti. Nikaweka jicho kwenye kamera na nikamtazama Mutinda. Ilinichukua muda. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho, patasi ilimrukia zamani. Alikuwa amejikata kidogo akinyoa. Jino lake moja lilikuwa limempanda mwenzake. Nilipomtazama vizuri niligundua kwamba hakufanana na Barasa hata kidogo. Alikuwa mtu mwingine kabisa, na furaha yake ilikuwa yake, hakuiiba kwa mtu. Nililia huku nabonyeza, na sikuona haya. Nilimpiga na mkewe, nikampiga na majirani, kisha nikampiga peke yake, mikono mbele, anatazama mbele, kicheko kiko njiani. Filamu nzima niliimalizia kwake.

Picha zile zilikwenda Kakamega. Nafula aliniambia mama yake aliishika ile ya Mutinda peke yake, akaiuliza maswali kama mtu aliyetembelewa. Tukawa marafiki, mimi na Nafula. Nilikuwa nikipita kwao mtaani Tena nikinywa chai yao, na walipopata mtoto, binti, mimi ndiye niliyempiga picha ya kwanza.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nasaha ya uongo haimfai mtu, na hakuna msiba usio na mwenziwe. Mtoto yule alikuwa hajaanza hata kutambaa wakati Mutinda alipokwenda kwao Ukambani kuangalia wazazi, gari alilopanda likaacha njia. Ndugu yake alikuja studio na macho mekundu. "Nafula amesema mnayo picha amesimama peke yake," akasema. "Tunaitaka iwe kubwa, ya kuweka mbele ya sanduku." Mzee Kilonzo aliitafuta mwenyewe, magoti yakimlia, na hakunitazama wala hakusema neno. Nilimshukuru moyoni kwa kutosema.

Siku ya kusafirisha mwili, jeneza liliwekwa kwenye viti nje, palepale mtaani Tena, na picha yake ikasimamishwa mbele. Watu walipita wakisema, "Jamani, tazama alivyokuwa anacheka." Kwa kina Nafula ni desturi jamaa kupiga picha na marehemu wao kabla hajaondoka, kila kundi kwa zamu, na ndugu walikuwa wameniomba niifanye kazi hiyo. Nikawapiga wajomba. Nikawapiga wachongaji wenzake, waliosimama wakiwa hawajui pa kuweka mikono. Nikawapiga akina mama wa kanisa. Nafula, aliyekaa kwenye mkeka na mtoto, nilimzunguka. Kamera yangu ilimfikia ukingoni ikageuka. Nilijiambia namheshimu. Haikuwa heshima, mwanangu. Ilikuwa ugonjwa wangu wa zamani umevaa nguo nyeusi. Kwanza nilishindwa kutazama furaha ya mtu kwa sababu nilikuwa nimeikosa, na sasa nashindwa kutazama uchungu wa mtu kwa sababu naujua.

Akaniita. Sauti ile ya kuamsha mtaa ilikuwa imekwisha, imebaki uzi.

"Dada Mwende. Mbona unapiga kila mtu, mimi unanipita?"

"Nafula, sikutaka kukusumbua."

"Nani amesema unanisumbua?" Akasimama, akamweka mtoto begani, akasogea mpaka kwenye jeneza na kulishika kwa mkono. Shemeji yake alitaka kumfuta machozi kwa leso, akamzuia. "Wacha. Nipige hivi hivi. Huyu mtoto hatamkumbuka baba yake. Akikua, aone sura ya baba yake kwa ile picha, na kwa hii aone vile nilimpenda. Na uniangalie, dada. Usiangalie kando."

Nikapiga goti kwenye ule mchanga. Nikamtazama Nafula usoni, kamasi, machozi, midomo iliyopasuka na yote. Kisha nikabonyeza.

Mwanangu, nimeifanya kazi hii tangu siku hizo mpaka macho yangu yalipoanza kuingia ukungu. Sikuolewa. Waliniposa, usidhani nilikosa, lakini moyo ulikataa na mimi sikuulazimisha. Nimesimama kwenye harusi nyingi kuliko mapadri wengine, na sitakudanganya kwamba kuna hata moja ambayo haikunichoma kidogo. Inachoma. Unaacha ichome, unaendelea kutazama.

Hili ndilo ninalotaka ulichukue. Dunia itakunyang'anya kitu, na huenda ikakunyang'anya siku ileile uliyokuwa umekivalia. Lia. Kilio huanza mfiwa, hakuna atakayekulilia wewe kwanza. Lakini usimlipishe mwenzako aliyepata kile ulichokosa, wala usimfute moyoni mwako kwa kuwa amesimama mahali pa mtu wako. Mtu wako hakusukumwa na yeye. Mwenzako akicheka, mtazame akicheka. Akija kulia, na wote huja kulia, usijifiche nyuma ya heshima ukamwacha peke yake kwenye mkeka. Na kazi ukiipewa, hata kama hukuiomba, hata kama imekuja kupitia mlango wa msiba, ifanye ukiwa umefumbua macho. Hujui ni nani, mbali huko, anayengoja kuona kwa macho yako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie nyumba yenye vicheko na mkono usiopungukiwa. Akukinge na husuda, ya watu na ya kwako mwenyewe. Na siku ya uchungu ikikufikia, kwa maana hata dua haiizuii isifike, akuletee japo mtu mmoja atakayepiga goti mbele yako akutazame usoni bila kugeuka.